Nilisita Kula Chakula cha Mwenzangu kwa Sababu ya Runinga

BARUA

Dada mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Columbus, Ohio. Mimi ni Mtanzania wa miaka 62, mzaliwa wa Moshi, Mlutheri, baba wa watoto watatu. Nilipata grini kadi kwa bahati nasibu ya viza, nikaingia Marekani mwaka 1999 pamoja na mke wangu na binti yetu wa kwanza, ambaye wakati huo alikuwa bado anabebwa mgongoni. Tangu hapo kazi yangu imekuwa kuhudumia wazee kwenye nyumba za wazee: kuwageuza kitandani, kuwaogesha, kuwalisha, kukaa nao usiku. Nakuandikia kuhusu runinga. Naomba usilione jambo dogo, maana limeninyima usingizi.

Mwaka 2001 nilipangiwa chumba cha mzee mmoja aliyepigana vita vya Korea. Mwanawe alikuwa akija Krismasi na siku ya kuzaliwa ya baba yake, basi. Runinga ya mzee yule haikuwa inazimwa hata akilala, na ilikaa kwenye chaneli moja tu, ya habari, ya upande wa wahafidhina. Jina nitaliacha. Asubuhi ya Septemba 11 nilikuwa nimebaki baada ya shifti kuziba pengo la mwenzangu aliyechelewa. Tuliiona pamoja ndege ya pili ikiingia kwenye jengo. Mzee alinishika mkono, hakuuachia. Nikamwambia kwamba Agosti 1998 nilikuwa Dar es Salaam bomu lilipolipuka ubalozi wa Marekani, kwamba mshindo wake niliusikia nikiwa kituo cha basi Kinondoni. Akanyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe unajua." Kuanzia siku hiyo akawa ananiita mwanangu.

Siku zile ndipo yalipoanza yale maandishi ya habari yanayotambaa chini ya skrini. Mzee alikuwa ananiambia niyasome kwa sauti, naye ananirekebisha matamshi. Kiingereza changu cha leo nimekipata pale, kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda chake, saa nane za usiku. Alipofariki mwaka 2004, mwanawe akanipa ile runinga. Niliipakia kwenye gari nikiwa nalia. Nilipoichomeka sebuleni kwangu niliweka chaneli ileile, na kwa miaka ishirini sikuihama, isipokuwa kipindi kimoja nitakachokueleza.

Dada, nataka uelewe kwamba sikuwa mjinga. Walisema mambo niliyokuwa nayaamini tangu Moshi: kwamba mtu ale jasho lake, kwamba ndoa na watoto ni kitu kikubwa, kwamba mimba ni uhai, kwamba serikali isiingie kila chumba cha nyumba yako. Kwenye chaneli nyingine nilisikia watu kama mimi, wanaosali kabla ya kula, wakizungumzwa kama masalia ya zamani. Pale nilijiona nimekaribishwa.

Mwanzoni nilikuwa natazama taarifa ya habari ya saa kumi na mbili jioni, nikimaliza nazima. Halafu nikaongeza kipindi cha saa mbili. Halafu cha saa tatu. Kufikia mwaka 2012, nilipohamia shifti ya mchana, nilikuwa nakaa kwenye kochi hadi saa tano za usiku. Mke wangu akahamia chumbani na simu yake. Nilikuwa najua alichosema mbunge fulani wa California ambaye sitakutana naye maisha yangu yote, lakini sikujua kwamba kijana wangu ameachwa kwenye timu ya mpira ya shule. Nilikuja kujua baada ya wiki tatu. Nilikuwa nalala kifua kimebana, naamka kifua kimebana.

Sikukuu ya Shukrani ya mwaka 2017 tulikuwa mezani na runinga ikiwa imewashwa. Mwezi uliotangulia mtu mmoja alikuwa amewagonga watu kwa lori kule New York, naye alikuwa ameingia nchini kwa bahati nasibu ya viza. Mtangazaji akasema bahati nasibu hiyo inaleta makapi ya dunia. Binti yangu, yule aliyekuja mgongoni, akaweka uma chini. "Baba, si ndiyo sisi hao?" Nikamjibu, "Hawatusemi sisi. Wanawasema wale wengine." Aliondoka kabla ya keki.

Novemba 2020 chaneli yangu ilipotangaza kwamba Biden ameshinda, nilikasirika kama mtu aliyesalitiwa na ndugu. Nikahamia chaneli nyingine ndogo iliyokuwa inasema kura zimeibwa. Nilikaa huko miezi kadhaa, kisha nikarudi. Aprili 2023 nikiwa kwenye gari nikasikia redioni habari ya kesi ya mashine za kupigia kura na fedha zilizolipwa. Niliizima redio.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Kazini kwetu kuna mama mmoja kutoka Haiti. Miaka minne tulikuwa tunakula pamoja saa ya mapumziko. Anapika wali uliochanganywa na maharage, ndizi za kukaanga, na nyama ya nguruwe iliyokaangwa ikakauka vizuri, kama kitimoto cha Dar, na pembeni kachumbari ya kabichi kali wanayoiita pikliz. Mimi nikileta chapati tunagawana. Septemba 2024, siku mbili baada ya ule mdahalo wa urais uliosemwa ndani yake kwamba Wahaiti wa Springfield, mji wa humu humu Ohio, wanakula mbwa na paka za watu, alifungua kopo lake kama kawaida akalisogeza kwangu. Mkono wangu ulisita. Dada, ilikuwa sekunde mbili au tatu. Nilikuwa naangalia ile nyama. Kisha nikasema nimeshiba.

Aliniona. Hakusema neno. Alirudisha kifuniko, akakibana pande zote nne, akaenda kula kwenye gari lake.

Usiku ule sikuwasha runinga, na sijaiwasha hadi leo, mwaka na zaidi. Mama yule ananisalimia vizuri tu, lakini kopo lake hajawahi kulifungua tena mbele yangu. Binti yangu anasema nihamie chaneli za upande wa pili. Nilijaribu wiki mbili, nikaona ni hasira ileile imevaa rangi nyingine. Wazee wenzangu tunaosali pamoja Jumapili wananiambia nimegeuka. Na kila ikifika saa mbili usiku najikuta nimekaa kwenye kochi, rimoti mkononi, mbele ya kioo cheusi.

Je, nilidanganywa miaka yote hiyo? Haya ninayoyaamini ni yangu, au nilipandikizwa? Na ile nafasi iliyobaki nyumbani kwangu kila jioni niijaze na nini?

Msomaji wako, Columbus

MAJIBU

Kaka yangu,

Jambo lako si dogo. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimesimama kwenye kifuniko kilichobanwa pande nne. Nitakirudia mwishoni, maana hapo ndipo pa kuanzia kazi yako. Kwanza nijibu maswali yako.

Mimi na wewe ni wa rika moja. Tumelelewa na Redio Tanzania Dar es Salaam, sauti moja kwa nchi nzima. Vita vya Kagera tulivisikia kwayo, vifo vya ndugu wa mikoani tulitangaziwa kwayo, na mabishano ya kijiweni yalimalizwa kwa maneno mawili: redio imesema. Nilifanya kazi kwenye chumba cha habari miaka mingi, na najua jinsi rika letu linavyosikiliza. Hatukufundishwa kuuliza nani analipia sauti hiyo na anataka tubaki hadi saa ngapi. Sikio hilo ndilo ulilosafiri nalo mwaka 1999, ukalipeleka kwenye nchi ambayo habari ni biashara yenye ushindani mkali. Sikulaumu kwa hilo.

Jina la chaneli yako umeliacha, nami naliacha huko huko. Lakini nitakueleza ya Fox News, kwa kuwa ndiyo kubwa kuliko zote za upande huo na mambo yake mengi yamewekwa hadharani mahakamani. Ilianza kurusha matangazo Oktoba 7, 1996, kwa fedha za Rupert Murdoch na akili ya Roger Ailes, mtu aliyewahi kumshauri Richard Nixon namna ya kuonekana kwenye runinga. Ailes alielewa kwamba mamilioni ya Wamarekani walikuwa wanaona vyombo vikubwa vya habari vinawatazama kwa dharau. Hilo hakulitunga. Wewe mwenyewe ulilihisi ukiwa mgeni, na nakuamini. Kiu yako ya kuheshimiwa ilikuwa ya kweli, na anayekuambia leo kwamba ulikuwa mjinga kukaa pale hajawahi kukaa kwenye kiti chako cha plastiki.

Ila kuna kitu ulikiandika bila kukitilia mkazo. Ulianza na taarifa ya saa kumi na mbili, ukahamia vipindi vya saa mbili na kuendelea. Kaka, hivyo ni vitu viwili tofauti chini ya nembo moja. Jioni mapema kuna wanahabari, wana wahariri, wakikosea wanasahihisha. Usiku kuna watu wa maoni, na kazi yao ni kukufanya usinyanyuke. Chaneli za namna hii zinalipwa mara mbili: na makampuni ya kebo, yanayotoa kiasi fulani kwa kila nyumba yenye kifurushi hata kama mwenye nyumba hatazami, na wanaoweka matangazo. Ili kampuni ya kebo isithubutu kuiondoa chaneli kwenye kifurushi, lazima wawepo watu kama wewe ambao wataipigia simu kwa hasira siku hiyohiyo. Mtu aliyeelezwa habari akaridhika huzima runinga na kwenda kulala. Mtu ambaye kifua kimembana hubaki.

Sasa, ulidanganywa? Kwenye jambo moja jibu liko kwenye kumbukumbu za mahakama. Baada ya uchaguzi wa 2020, kampuni ya mashine za kura ya Dominion iliishtaki Fox News katika jimbo la Delaware, kwa madai kwamba ilirusha hewani uongo kuwa mashine zake ziliiba kura. Kabla kesi haijasikilizwa, ujumbe wa ndani ulitolewa. Tucker Carlson, wakati huo nyota wao wa saa mbili usiku, alikuwa amewaandikia wenzake kwamba wakili Sidney Powell, aliyekuwa anaeneza madai hayo, anadanganya. Waliyajua. Mwishoni mwa Machi 2023 Jaji Eric Davis aliandika kwamba ni wazi kabisa hakuna hata moja ya kauli zile kuhusu Dominion iliyokuwa kweli. Aprili 18 Fox ikakubali kulipa dola milioni 787.5. Makubaliano hayakuwalazimisha watangazaji kuomba radhi hewani. Kwa hiyo wewe, mwenye rimoti, hukuombwa radhi. Ulisikia kwenye redio ya gari, ukaizima. Naelewa kwa nini uliizima.

Hapa nitakukwaza kidogo, na nakuomba uvumilie kwa sababu nakujali. Rudi usiku wa Novemba 3, 2020. Saa 5:20 usiku kwa saa za mashariki mwa Marekani, Fox News ilikuwa ya kwanza kati ya vituo vikubwa kutangaza kwamba Biden amechukua jimbo la Arizona. Waliolikokotoa walikuwa wataalamu wa dawati lao la uchaguzi, nao walikuwa sahihi. Watazamaji wakawaka, wengi wakahamia Newsmax, chaneli nyingine ndogo ya wahafidhina. Nyaraka za kesi zinaonyesha hofu iliyowashika wakubwa na watangazaji wiki zile. Mwandishi mmoja wa hapo hapo alipoandika kwamba hakuna ushahidi wa kura kuibwa, Carlson aliwaandikia wenzake kwamba afukuzwe, kwa sababu bei ya hisa za kampuni inashuka. Chris Stirewalt, mmoja wa waliokuwa kwenye dawati lile la Arizona, kufikia mwisho wa Januari hakuwa tena na kazi pale.

Unaona ninapoelekea. Chaneli yako ilipokuambia kweli ambayo hukuipenda, uliihama, ukaenda kutafuta pengine palipokuwa panasema ulichotaka kusikia. Miaka yote ulijiona mtu mdogo aliyekaa kochini anapokea. Hukuwa mdogo. Walikuwa wanakuogopa. Ile hasira yako ya Novemba, ikijumlishwa na ya mamilioni wengine, ndiyo iliyowafanya watu waliojua ukweli waamue kuumeza. Kwa hiyo ndiyo, ulidanganywa, na walikukosea. Lakini ulikuwa pia mteja aliyetoa oda. Nakuambia hivi bila nia ya kukuongezea mzigo. Kama ulikuwa na nguvu ya kuwatisha, basi unayo nguvu ya kufanya vinginevyo, na nguvu hiyo hakuna anayeweza kukurudishia ila wewe.

Swali la pili, imani zako ni za nani. Wewe umejibu bila kujua: ulizitoa Moshi. Kazi, ndoa, sala kabla ya chakula, msimamo wako kuhusu mimba, hayo ulikuwa nayo kabla hujajua Ohio iko wapi. Hakuna sababu ya kuyatupa kwa sababu umeitupa rimoti. Tazama gavana wako mwenyewe, Mike DeWine. Ni wa Republican, mpinzani wa utoaji mimba wa miaka yote, na amezaliwa Springfield palepale. Uvumi ule wa paka ulipoenea alisema hadharani kwamba hauna ushahidi. Vitisho vya mabomu vilipoanza kumiminika kwenye shule na ofisi za mji, alipeleka askari wa jimbo wakague shule kila asubuhi kabla watoto hawajaingia. Baadaye aliandika kwenye New York Times akiwatetea Wahaiti wa mji ule kama wafanyakazi, huku akieleza bila kuficha kwamba anamuunga mkono Trump. Yeye na mkewe wamesaidia shule nchini Haiti kwa miaka mingi; Mhaiti kwake si picha ya kwenye skrini. Alibaki mhafidhina kamili na akaukataa uongo, vyote kwa siku moja. Wazee wa kanisani wakikuambia umegeuka, wakumbushe gavana wao. Kisha badilisha mazungumzo, muulizie mmoja wao mgongo wake unaendeleaje. Huna haja ya kushinda ubishi huo.

Kitu ambacho naona kiliingizwa ndani yako ni kingine, na binti yako alikiona mapema kuliko sisi sote. "Hawatusemi sisi, wanawasema wale wengine." Huo mstari kati ya sisi na wale wengine hukutoka nao Moshi. Usiku baada ya usiku ulichorwa mbele yako, na kila ulipochorwa ulisogea. Mwaka 2017 ulipita juu ya meza yako ya Sikukuu ya Shukrani, katikati yako na mtoto uliyembeba kuingia nchi ile kwa bahati nasibu ileile. Mwaka 2024 ulipita katikati ya kopo la chakula. Ungeendelea kukaa kwenye kochi, sijui ungefika chumba gani cha nyumba yako.

Kuhusu kuhamia upande wa pili, silaumu nia ya binti yako, lakini naona wewe umelitambua jambo vizuri zaidi. Watu wa maoni wa saa tatu usiku wa upande huo wanafanya kazi ileile kwa wateja wengine. Kama unataka kujua yanayotokea, soma badala ya kutazama. Maandishi hayana muziki wa kukutisha, na unaweza kurudi juu kusoma tena. Wewe ulijifunza Kiingereza kwa kusoma maandishi kwa sauti, hicho ni kipaji chako. Na ukisikia habari ya mahali fulani, uliza kwanza nani yuko pale. Kwa Springfield kuna gazeti la mji huo, Springfield News-Sun, lenye waandishi wanaokutana dukani na watu wanaowaandika. Ni chini ya saa moja kwa gari kutoka kwako. Ungeweza hata kwenda mwenyewe Jumamosi moja, ule kwenye mgahawa wa Kihaiti, urudi.

Nusu saa ya kusoma jioni inatosha. Ila saa mbili usiku itabaki na uwazi wake, na sitaki nikudanganye kwamba gazeti litauziba. Nadhani ulichokikosa mwaka huu na zaidi si habari. Ni mzee wako. Runinga ile ilitoka chumbani kwake, chaneli ile ilikuwa sauti ya chumba chake, na nahisi kila ulipoiwasha alikuwa kando yako anakurekebisha matamshi. Hakuna aliyekuita mwanangu katika nchi ile zaidi yake. Ulipoizima ulimzika mara ya pili, na hakuna aliyekuja msibani, maana hakuna aliyejua kuna msiba. Mweleze mke wako habari zake, taratibu, tangu mwanzo, hata kama anazijua. Mwambie kuhusu mkono ule asubuhi ya Septemba 11. Mkeo alihamia chumbani na simu yake kwa sababu sebule ilikuwa na watu wengi wanaopiga kelele. Sasa wametoka. Mgongee mlango umwambie sebule iko wazi. Kupiga simu Moshi saa hiyo haifai, huku ni usiku wa manane, lakini mna mambo ya miaka kumi na zaidi hamjaongea ninyi wawili.

Kijana wako ulimuuliza lini kuhusu ile timu ya mpira? Naona hukusema kama mlizungumza baada ya zile wiki tatu. Muulize sasa, hata kama ni mtu mzima mwenye kazi yake. Usishangae akikumbuka mpaka tarehe.

Binti yako usimwandikie ujumbe mrefu. Mpigie. Mwambie: "Mwanangu, ulipouliza kama ni sisi, jibu lilikuwa ndiyo." Halafu nyamaza umwache aseme. Anaweza kusema nilikuambia. Ana haki hiyo, na haitakuua.

Sasa turudi kwenye kopo. Umekaa mwaka na zaidi ukisubiri mama yule alifungue tena. Hatalifungua, kaka. Alikukaribisha miaka minne, na siku ambayo nchi nzima ilikuwa inamcheka alikukaribisha tena. Fikiria kwamba alijua kilichosemwa kwenye ule mdahalo. Fikiria kwamba alipolisogeza kopo kwako alikuwa anataka kuhakikisha kama kuna mtu mmoja katika jengo lile ambaye bado ni wake. Wewe ndiye unayepaswa kwenda sasa.

Pika mwenyewe, usinunue. Kama chapati zako zilikuwa zinamfurahisha, pika chapati, na nyama ya mbuzi au ndizi za nyumbani kwenu kama mkeo ataweza kukuelekeza. Zipeleke saa ya mapumziko, si mbele ya wenzenu. Kama yuko kwenye gari lake, nenda ukagonge kioo taratibu. Usimweleze habari za chaneli wala za uchaguzi, hayo ni mazungumzo yako na mimi. Mwambie siku ile hukuwa umeshiba. Mwambie ulisita, na ulijua ni kwa sababu ya uongo uliosemwa juu ya watu wake, na unaomba radhi. Asipopokea chakula, kiache mikononi mwako, usimlazimishe. Akipokea, mwachie kopo lote, kifuniko afungue mwenyewe.